Abiria Wasiosafiri

Ukienda steji Nakuru jioni, unakuta matatu ya Njoro imebakisha viti viwili tu. Unaingia mbio. Ukishakaa, watu watatu wanashuka, mmoja mmoja, kama waliosahau kitu. Wamelipwa kukaa humo ili gari lionekane limejaa. Siku moja niliketi kwa mama wa chai nikawatazama: wakishuka hapa, wanaingia gari la nyuma, sura zile zile. Mmoja peke yake ni abiria kabisa. Ukiwatazama pamoja, kwa muda, ndipo unajua.

Wahandisi wa mitandao wana shida hiyo hiyo. Fikiria simu zisizotegemea mnara, zinazopokezana ujumbe zenyewe zikiwa njiani. Kifaa kimoja kinaweza kujitangaza kwa majina kumi. Wenzake wakiulizana njia ipi ni salama, kinajibu mara kumi, na kwa kura kimeshinda. Mwaka 2002 John Douceur wa Microsoft aliandika juu ya ujanja huu, unaoitwa Sybil, akaonyesha kwamba pasipo mamlaka ya kuthibitisha nani ni nani, karibu haiwezekani kuuzuia. Mwaka 2006 Chris Piro, Clay Shields na Brian Levine wakapendekeza kutazama mwendo. Vifaa vya kweli hukutana na kuachana. Majina ya kifaa kimoja hayaachani kamwe, kwa sababu yana mwili mmoja.

Haya niliyasoma nikiwa nimechelewa. Nilipoacha chuo nilianza kuandikia watu mtandaoni kwa akaunti tatu za majina ya kizungu. Nilijitetea hivi: nikiweka jina langu na Nakuru, sipati kazi. Na bado naamini lalamiko hilo lina haki ndani yake. Kama mlango unafunguliwa kwa jina fulani tu, watu watatafuta jina hilo.

Lakini nilikuwa naishi na rafiki yangu, keja moja huko Free Area. Yeye alikuwa na akaunti moja, jina lake halisi. Wifi pia ilikuwa yake. Asubuhi moja akaunti zote nne zilifungwa. Kwa mashine, majina manne yasiyoachana ni mtu mmoja. Ilipatia kwa matatu. Jamaa akatuma kitambulisho, akajibiwa kwamba uamuzi ni wa mwisho. Akaniuliza, "Sasa nitawaonyesha aje kwamba mimi niko?"

Sikuwa na jibu. Udhaifu wa njia hii uko wazi: watu wanaosafiri pamoja kweli nao huonekana mtu mmoja. Na sisi tusio na pesa ndio tunaosafiri pamoja. Tunagawana chumba, wifi, hata chaja.

Dawa nyingine tumeiona. Mwaka 2023 vijana walipanga foleni KICC, Nairobi, Worldcoin wapigwe picha ya mboni wathibitishe kwamba kila mmoja ni mtu, tena mmoja. Walilipwa sarafu ya kidijitali ya karibu shilingi 7,000. Agosti serikali ikasimamisha shughuli hiyo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hiyo ifutwe. Angalia jinsi bei inavyopanda: feki wakiwa wengi, mkweli anadaiwa mpaka jicho lake.

Zamani nilisema jina feki linaumiza kampuni tu, na kampuni haina machozi. Nilikosea. Linapandisha gharama ya kuaminika, na wa kwanza kuilipa ni aliye karibu na mwongo. Anayekagua ana wajibu wa kungoja na kutazama zaidi kabla ya kuhukumu, hilo silifuti. Ila mimi ndiye niliyempandisha rafiki yangu gari la abiria wa kulipwa.

Nilimlipia kodi miezi miwili. Alipokea, akashukuru, kisha akabadilisha paswadi ya wifi.