Tumfuate Askari Wetu Hadi Wapi?

Huko Kaboya, wilayani Muleba, wamelazwa askari wetu waliokufa katika vita vya Kagera vya miaka ya 1978 na 1979. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, taifa huwakumbuka wote kwa pamoja, na mwaka 2013 maadhimisho ya nchi nzima yalifanyika hapo hapo Kaboya. Ni jambo jema. Lakini mama wa Songea au wa Mpwapwa hakuzaa mashujaa wote. Alizaa kijana mmoja. Na sasa wapwa wa kijana huyo wanauliza: mjomba wetu alipita wapi, alifanya nini, alikufaje?

Njia yenyewe yajulikana. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakaiteka nchi iliyo kaskazini ya mto Kagera, na daraja la Kyaka likavunjwa. Jeshi letu, lililokuwa na watu wasiofika 40,000, likaongezwa upesi kwa mgambo na vijana wengine hata likapita 100,000. Wakapelekwa Bukoba, katika mkoa ulioitwa wakati ule Ziwa Magharibi. Wakaingia Mutukula Januari 1979, Masaka Februari, Lukaya Machi, na Kampala tarehe 11 Aprili. Kikosi cha kijana kikijulikana, nyayo zake zaweza kufuatwa.

Hapo ndipo wako wasemao: acheni, marehemu asisemwe. Hofu yao ina sababu. Mji wa Mutukula ulipotekwa ulibomolewa kwa kisasi, na raia waliuawa, hata Mwalimu Nyerere akachukizwa na kuamuru raia wasidhuriwe tena. Huko Lukaya, tarehe 10 Machi, Brigedi ya 201, ambayo wengi wake walikuwa mgambo wasiowahi kuona vita, ilipigwa kwa makombora ya Walibya ikatawanyika na kurudi nyuma kwa fujo. Tena Tony Avirgan na Martha Honey, walioandika habari za vita hivyo, walihesabu askari wetu 373 waliokufa, na katika hao 96 tu ndio waliouawa katika mapigano. Basi yawezekana kabisa kwamba mjomba aliyesifiwa miaka yote hakufa kwa risasi.

Je, heshima yake imepungua? Sisi twasema hapana. Aliyekufa safarini au kwa maradhi aliitwa na nchi ileile, akaacha shamba lilelile. Na wale waliokimbia Lukaya walikusanywa, na kesho yake, tarehe 11, wakarudi kupigana mbele, huku Brigedi ya 208 ikimpiga adui ubavuni. Atakayeifuta siku ya kwanza kwa kuona haya atakuwa amemnyang'anya kijana ushujaa wa siku ya pili, maana alirudi akijua tayari makombora ni kitu gani.

La Mutukula ni zito zaidi, wala hatutalipunguza. Kuwapo si kutenda. Haki haituruhusu kumhukumu mtu kwa jina la kikosi chake. Lakini ikijulikana kwa ushahidi kwamba alitenda, nako kunyamaza ni kuwasahau wale raia, ambao nao walikuwa na mama. Sisi tunaowaombea marehemu hatukuambiwa kamwe kwamba wote walikuwa bila doa. Kama wangekuwa hivyo, tungewaombea nini?

Kazi hii haingoji. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1979 sasa amepita 65. Daftari la ubatizo parokiani laweza kuonyesha jina ambalo kijana hakulitumia jeshini. Pengine barua ingali sandukuni mwa bibi. Na kama yuko mzee kijijini aliyekwenda naye, aendewe mwaka huu, aulizwe taratibu; na akifika mahali akanyamaza, asishurutishwe siku hiyo, bali arudiwe siku nyingine.