Shahidi wa Mpaka



Sisi wakaaji wa Luano tuko katika mji, na hatuko katika mji. Karatasi zinasema Lubumbashi, komune ya Annexe. Lakini mtu wetu akipanda taksi asubuhi, anaaga akisema: ninaenda mjini. Ndege zinashuka kwetu, na wageni wanapita bila kutuona.

Mji huu ulianza mwaka 1910, reli ilipofika kutoka kusini. Zamani ukipita Kamalondo umetoka mjini. Halafu zikaja Kenya, Katuba, Ruashi. Leo pembeni ni kwetu, na watu wanazidi kuja: mjane, kijana asiyeweza kulipa kodi ya nyumba, na baadhi ya wale zaidi ya 10,000 waliotoka kazini Gécamines tangu 2003. Wote wanatafuta parsele. Na hapo ndipo tunajaribiwa.

Parsele moja inauzwa kwa watu wawili. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya leta. Mtu anapewa haki ya kuutumia, na hati yenye nguvu ni cheti cha kuandikishwa. Lakini wengi pembeni ya mji wanauziwa na shefu wa ukoo, kwa karatasi ndogo yenye sahihi na majina ya mashahidi. Kati ya karatasi hizo mbili, mwizi amepata mlango.

Hatuulizi juu ya mwizi, maana dhambi yake iko wazi. Tunauliza juu ya jirani. Alimwona mjane akichimba kisima, akifyatua matofali, akipanda muhogo. Siku moja anakuja mtu na gari la simenti, anauliza: hapa ni pa nani? Jirani anajibu: sijui, mimi pia ni wa kuja. Je, ametenda kosa?

Wako wanaosema hapana. Hakuuza, hakupokea hata franga moja. Ana watoto, anaogopa kuitwa na wakubwa. Woga huo hatuucheki. Sisi sote tunaujua.

Lakini tusome Torati. Kumbukumbu 19:14 inakataza kusogeza mpaka wa jirani. Jiwe halina kinywa. Anayejua lilisimama wapi jana ni yule anayepita hapo kila siku. Tena Walawi 5:1 inasema kwamba mtu aliyeona au kujua jambo, naye asitoe ushuhuda, atabeba uovu wake. Haisemi kwanza alilipwa nini. Kule kati ya mji, ukuta na namba ya nyumba vinashuhudia. Huku kwetu, karatasi ya mjane ni macho ya majirani. Wakisema hawajui, parsele yake imeuzwa mara ya pili.

Na huyu mwenye simenti? Mara nyingi naye amedanganywa. Akiambiwa kabla ya msingi kuchimbwa, anapoteza siku moja, na pesa yake labda anaweza kuifuata. Akiambiwa wakati kuta zimefika dirishani, lazima mmoja avunjiwe. Kwa hiyo kunyamaza mwezi mmoja kunadhuru wawili. Anayeogopa kwenda peke yake kwa shefu wa kartie, aite wenzake. Majirani wanne si rahisi kutishwa kama mmoja.

Kuna jambo gumu zaidi. Ikiwa muuzaji ni mmoja wetu, anayekaa kiti cha mbele, ambaye sadaka yake ilisaidia kununua mabati ya kanisa? Tumesikia wengine wakisema hayo ni mambo ya leta, kanisa lisiingie. Sisi tunasema wazee wawili waende nyumbani kwake kabla ya Jumapili, pamoja na majirani walioona, na sadaka yake ibaki mkononi mwake mpaka mjane amerudishiwa parsele.