Watoto Wetu katika Shule ya Mfalme

Somo: Danieli 1:3–16



Mwezi huu twataka kusema nanyi habari ya watoto wetu wasomao katika shule za serikali, pamoja na watoto wa watu wengine wanaokaa nao dawati moja. Tumelichagua somo la Danieli kwa sababu, mtu akilisoma kwa utulivu, ataona kwamba ni habari ya shule. Tumezoea kukimbilia tanuru la moto na tundu la simba, tukaipita sura ya kwanza mbio mbio. Walakini sura hiyo ndiyo iliyo karibu nasi. Mfalme wa Babeli aliwachagua vijana wa Kiyahudi wenye afya na akili, akaamuru wafundishwe maandiko na lugha ya Wakaldayo muda wa miaka mitatu, chakula chao na divai yao vikitoka mezani pa mfalme. Mwisho wa miaka hiyo walipaswa kusimama mbele yake na kupimwa. Hiyo ni shule ya bweni ya serikali, yenye masomo, mtihani na jiko.

Angalieni sasa Danieli alikubali nini na alikataa nini. Alikubali lugha ngeni. Alikubali vitabu vya watu wasiomjua Mungu wa Israeli. Hata jina lake lilipobadilishwa, akaitwa Belteshaza, hatusomi kwamba alipiga kelele. Jambo moja tu ndilo lililomzuia, nalo ni chakula. Mtu atauliza: kwa nini chakula, wala si jina? Walimu wa Maandiko wamejibu kwa njia nyingi, nasi hatuna haja ya kuwaamua hapa. Yatosha kujua kwamba dhamiri ya kijana yule ilikuwa na mpaka, na mpaka ule haukuwekwa na mkuu wa shule wala na Nebukadneza. Yamkini wenzake wa dawati walimcheka. Dhamiri ya mwenzako huonekana jambo dogo sana ukiitazama kutoka nje.

Habari kama hii imetokea pia kandokando ya maji haya tunayovua sangara na dagaa. Karibu na mwaka 1876, katika jumba la Kabaka Mutesa wa Buganda, walikuwako vijana watumishi waliokuwa wameshika dini ya Kiislamu. Vijana hao walikataa kula nyama ya mfalme, kwani aliyeichinja hakuwa mtu aliyetahiriwa. Kwa ajili ya hayo waliuawa kwa makumi. Hata miaka kumi haijapita sana, mwanawe Mutesa, ndiye Mwanga, akawageukia vijana Wakristo. Tarehe 31 Januari 1885 waliuawa wavulana watatu wa misheni ya Kianglikana, na tarehe 3 Juni 1886 huko Namugongo wakachomwa moto vijana wengi, Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Watu waliwaita wasomaji, kwa kuwa kusoma na kuamini yalikuwa jambo moja machoni pa watu wa wakati ule. Mwalimu wao mmoja, Alexander Mackay, alifukuzwa Buganda akaja kukaa upande wetu wa kusini, na mwaka 1890 akafa Usambiro.

Wale wa Namugongo twawataja kila mwaka. Wale wa nyama ya mfalme ni Wakristo wachache wawajuao. Lakini jumba ni lile lile, na neno ni lile lile: kijana amesema kwamba yuko aliye mkuu kuliko mfalme. Ukoo uliozoea kuua kwa ajili ya nyama haukuona shida kuua kwa ajili ya sala. Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Wala habari ya nyama haikuishia katika karne ile. Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, ugomvi wa nani achinje na nani asichinje ulimwaga damu ya mchungaji. Ninyi mlioko upande huo mwaijua habari hiyo kuliko sisi.

Basi tuje katika shule zetu. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 serikali ilizitwaa shule nyingi zilizokuwa za misheni, zikawa shule za watoto wote pasipo kuulizwa dini. Wazee wengine wa makanisa waliona uchungu, nasi twaufahamu uchungu huo, kwani walizijenga kwa mikono yao. Lakini tendo lile lilimfungulia mlango mtoto wa Kiislamu ambaye zamani alikosa nafasi, au aliipata kwa kuacha dini ya baba yake. Wala dini haikufukuzwa shuleni. Kipindi cha dini kimebaki katika ratiba, na kila dhehebu laweza kuleta mwalimu wake. Nao vijana wa UKWATA hukusanyika kuomba na kuimba. Na Katiba ya nchi, katika ibara ya 19, yampa kila mtu uhuru wa kuamini, na uhuru wa kubadili imani yake. Haisemi kwamba mtoto huuacha uhuru huo langoni pa shule.

Walakini neno lililoandikwa katika Katiba halitembei lenyewe mpaka mstarini asubuhi. Wilayani Mbozi, katika shule ya sekondari ya Shikula, wanafunzi waliokuwa Mashahidi wa Yehova walikataa kuimba wimbo wa taifa. Watu wa dini hiyo kwa desturi yao husimama kwa heshima, ila hawaimbi. Wengine walifukuzwa, wengine wakasimamishwa masomo. Walikwenda mahakamani wakiwa 127. Mahakama Kuu ikawakatalia, lakini mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ikawasikiliza na kuzitengua adhabu zile. Marekani nako watu walipita njia hiyo. Mwaka 1940 mahakama kuu ya nchi ile iliruhusu watoto wa dini hiyo hiyo walazimishwe kuisalimu bendera. Mwaka 1943, katikati ya vita kuu, mahakama hiyo hiyo ikaligeuza neno lake.

Tulipoieleza habari ya Mbozi katika kikao cha wazee, mzee mmoja tunayemheshimu alisema, «Mchungaji, hao si watu wetu. Mafundisho yao ni potofu. Waache wafukuzwe, watajifunza adabu.» Wengine walitikisa kichwa kumkubali. Nasi tulimjibu hivi: ni kweli kwamba mafundisho yao si yetu, na katika mambo ya Utatu na ya Uungu wa Kristo hatuwezi kukaa nao meza moja. Lakini tuutazame wimbo wenyewe. Asili yake ni wimbo wa sala, ambao Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni ya Kimethodisti karibu na Johannesburg, aliutunga mwaka 1897. Sisi twauimba kwa moyo wote, tukimwomba Mungu aibariki Afrika. Je, sala iliyotolewa kinywani mwa mtoto kwa fimbo humfikia Mungu? Hatukupata kuambiwa hivyo chuoni, wala hatujalisoma popote katika Maandiko. Martin Luther aliposimama Worms mwaka 1521 alikataa kuyakana maandiko yake, kwa kuwa dhamiri yake ilikuwa imefungwa na Neno la Mungu. Sisi tunaojiita kwa jina lake tutasemaje kwamba dhamiri ya mtoto wa Mbozi ifungwe na kiboko?

Mzee hakujibu. Hatudhani kwamba tulimshinda; ila kikao kilikwenda mbele.

Sasa tutasema neno lililo gumu zaidi, kwa sababu Mashahidi wa Yehova ni wachache na wako mbali na wengi wetu, bali Waislamu tunakaa nao ukuta kwa ukuta. Huko Isiolo, nchini Kenya, iko shule ya serikali iliyo chini ya ufadhili wa Kanisa la Methodisti. Wasichana wa Kiislamu waliomba kuvaa hijabu juu ya sare. Aliyekwenda mahakamani kulipinga jambo hilo ni kanisa lenyewe. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa iliwapa wasichana haki; Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaiondoa hukumu hiyo, kwa sababu ya namna madai yao yalivyoletwa mahakamani. Hatuwahukumu ndugu zetu wa Methodisti. Yamkini waliogopa kwamba shule waliyoilea itawatoka mikononi. Lakini sisi, kama tungeulizwa, tusingependa kuliona jina la kanisa letu katika jalada lile. Sasa kitambaa kichwani mwa msichana kimempunguzia nini Kristo? Bibi zetu huja ibadani wakiwa wamejifunga vitambaa, na hakuna awaambiaye wavivue.

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Mwalimu amwambiapo mtoto wa Kiislamu avue ushungi, twasema sheria ni sheria. Mwalimu mwingine amwambiapo mtoto wetu asivae msalaba, au awekapo mtihani wa majaribio Jumapili asubuhi, twaja nyumbani kwa mchungaji tukilia kwamba Kanisa lateswa.

Na tukitaja Jumapili, tuwakumbuke Wasabato. Wako pwani ya ziwa hili tangu kabla ya vita vya 1914, nao ni wengi hasa upande wa Mara. Mtoto wao aitwapo shuleni Jumamosi huchagua kati ya mwalimu na mama yake. Uganda, mwaka 2006, Mahakama ya Juu iliwakatalia wanafunzi Wasabato wa Makerere waliolalamikia mitihani ya Jumamosi. Kenya, mwaka 2017, Mahakama ya Rufaa iliwakubalia Wasabato kwamba watoto wao wasilazimishwe masomo siku yao ya Sabato. Ziwa ni moja, na wanasheria hawakupatana. Sisi twaona wa Kenya walitenda vema.

Liko jambo jingine ambalo mara nyingi hatulihesabu kuwa dhuluma, kwa kuwa linatendwa na sisi. Katika shule fulani wasichana huanza kuanguka na kupiga kelele, hata masomo yakasimama. Mwalimu mkuu, naye ameshikwa na hofu, humwita mtumishi wa Mungu. Mtumishi huyo hukusanya shule nzima, wenye dini zote na wasio na dini, akawawekea mikono na kukemea pepo juu ya vichwa vyao. Kumwombea mgonjwa aombaye ni kazi yetu. Lakini mtoto wa watu aliyeagizwa na mwalimu asimame ili aombewe, hakuomba. Mchungaji akiitwa hivyo, na aseme kwanza: watakaotaka wabaki, wengine waende kivulini, na wazazi waambiwe. Tena tabibu naye aitwe.

Mtu asidhani kwamba twafungua mlango wa matusi. Oktoba 2012, huko Mbagala, Dar es Salaam, watoto wawili walishindana kwa habari ya Kurani, mmoja akaitendea kitabu hicho jambo la aibu, na kabla ya siku nyingi kupita makanisa yalivamiwa na kuchomwa moto. Mtoto ana haki ya kusema anaamini nini. Hana haki ya kukinajisi kile mwenzake anachokiheshimu, na wazazi Wakristo wanaowafundisha watoto kuicheka sala ya jirani wanawasha moto wasioweza kuuzima.

Turudi kwa Danieli, maana hatujasema alivyotenda. Hakugoma, wala hakuipindua meza. Alimwendea mkuu wa matowashi, Ashpenazi, akaomba. Na Ashpenazi hakuwa mtu mbaya, aliogopa. Alijua kwamba vijana wakikonda, mfalme atakidai kichwa chake. Walimu wakuu wengi wa shule zetu ni akina Ashpenazi. Wanamwogopa mkaguzi, afisa elimu, na matokeo ya mtihani yatakayobandikwa. Kwa hiyo Danieli hakuigombeza hofu yake, bali alimwendea msimamizi aliyewekwa juu yao, akampa njia: siku kumi za kujaribu, mboga na maji, kisha utazame nyuso zetu. Siku zilipokwisha, nyuso zao zilikuwa nzuri kuliko za wenzao.

Basi mzazi mwenye shauri na shule, na amwendee mwalimu mkuu kwanza, pamoja na mzee wa kanisa, kabla ya kulipeleka neno hilo kwenye simu za watu wote. Aombe jambo lenye kipimo: mtihani usogezwe saa mbili, msichana aruhusiwe ushungi wa rangi ya sare, chumba kimoja kipatikane Ijumaa mchana na kingine kwa UKWATA. Mwalimu akikataa, liko bodi ya shule, yuko afisa elimu, na mwisho iko mahakama, kama watoto wa Mbozi walivyoonyesha.

Kwa wainjilisti tuna neno moja la kuuma kidogo. Tumezunguka katika shule kadha wa kadha, tukakuta kipindi cha dini kimeandikwa ukutani, watoto wa Kiislamu wamekaa na mwalimu wao chini ya mwembe, na watoto wetu wakirushiana mawe kwa sababu hakuna aliyekuja. Hapo serikali haikutunyang'anya kitu. Kila mtaa na ulete kwa mchungaji wake, kabla ya mwisho wa mwezi, majina ya shule zilizo katika eneo lake, siku na saa ya kipindi, na jina la atakayekwenda. Walio visiwani wasiopata chombo kila juma waandike hivyo, ili tujue ni nani wa kusaidiwa nauli.