Dhambi za mkwe

Ijumaa za Kwaresima, Njia ya Msalaba ikiisha, mabenchi ya karibu na kiti cha maungamo hujaa. Wengine tunafuata tu amri ya Kanisa ya kuungama angalau mara moja kwa mwaka, iliyowekwa na Mtaguso wa Nne wa Laterano mwaka 1215. Si sababu mbaya, ila haimfikishi mtu mbali.

Kazi yenyewe ni kabla ya kupiga magoti: kutafiti dhamiri. Hapo ndipo tunapokwepa. Mtu anaungama hasira, kisha anamsimulia padri kwa kirefu jinsi mkwe alivyomchokoza, hadi padri anazijua dhambi zote za mkwe na za muungamaji hajasikia hata moja. Mwingine analeta orodha ileile ya mwaka jana: nilisengenya, sikusali, nilichelewa Misa.

Afadhali kujiuliza maswali yenye watu ndani. Dada wa kazi nilimlipa lini mara ya mwisho? Zile hela za kikundi zilizokaa kwangu, zimerudi? Ni nani ambaye simu yake ikiita naigeuza kifudifudi? Maswali haya yanauma kuliko kuacha nyama, na nadhani ndiyo maana wengi tunaona heri kuacha nyama.

Malipizi huenda yakawa Salamu Maria tatu, zikaisha hata hujafika mlangoni. Mshahara wa dada haumo humo. Huo bado unadaiwa, na mwisho wa mwezi umeshapita.