Ukihama, Chura wa Kidimbwi ni wa Nani?

Mshirika wetu mmoja anahama mwisho wa mwezi huu. Meza, jiko na magodoro yamepata nafasi kwenye lori. Kilichobaki ni kidimbwi alichochimba nyuma ya nyumba, upana wake hatua nne hivi. Ndani yake mna perege aliowanunua wakiwa wadogo, na mna vyura na kereng'ende ambao hakuna aliyewaalika. Ameniuliza: "Pasta, hawa niwafanyie nini? Kwani ni wangu?"

Kuna watakaocheka. Ati chura naye ni jambo la kumsumbua pasta? Lakini ukilitazama vizuri, ni swali zito: tunadaiwa nini na kiumbe aliyetutegemea bila mkataba wowote? Tena si swali la mtu mmoja. Mwaka 2009 serikali ilianzisha mpango wa kuchimba vidimbwi 200 vya samaki katika kila moja ya maeneo bunge 140 ya nchi hii. Na penye maji, vyura hawakawii kufika.

Tuanze na lililo rahisi. Perege ni mali yako. Ulimnunua, ulimlisha, una haki ya kumuuza, kumla au kumpa jirani mwenye kidimbwi chake. Jambo moja tu usifanye: usimwage samaki wala mimea ya kidimbwi mtoni kwa huruma. Gugu maji linaloziba njia za mashua pale Kisumu asili yake ni Amerika Kusini. Watu walilisambaza duniani kwa sababu ya ua lake zuri, wakalipandia vidimbwi vya mapambo. Huruma isiyouliza "halafu itakuwaje?" hulipiwa na watu wengine, miaka mingi baadaye.

Sasa chura. Nilisoma biashara kabla ya kuitwa kwenye huduma, na kwenye hesabu za mali na madeni sijawahi kuona mstari wa chura. Lakini kuna kitu kinachofanana naye: mteja. Ukiuza duka unauza rafu, mizani na bidhaa. Wateja huwauzi, kwa sababu hawajawahi kuwa mali yako. Walikuja wenyewe. Hata hivyo, muuzaji mwaminifu hafungi mlango usiku akaondoka kimya. Humwambia anayeingia: huyu mama huchukua maziwa asubuhi, yule mzee hulipa tarehe tano. Hivyo ndivyo ninavyomwona chura. Si wangu, lakini mimi ndiye niliyefungua duka. Wajibu wangu haukutokana na kummiliki. Ulitokana na kumpa sababu ya kuja.

Wengine husema, kama unawapenda si uwabebe tu kwa ndoo? Hapo tuwe waangalifu, kwa sababu kupenda na kubeba si kitu kimoja. Tazameni Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa huko Tanzania. Vyura wadogo sana waliishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya maji, na hawakujulikana kwingine popote duniani. Maji mengi yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme, manyunyu yakapungua. Mwaka 2000 vyura wapatao 500 walipelekwa Marekani kwa ndege ili watunzwe. Bondeni kuliingia pia ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi ya vyura, na mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini. Ili wale waliozaliwa ng'ambo waanze kurudishwa, ilibidi kwanza bonde liwekewe mabomba ya kunyunyiza maji. Kama kazi hiyo iliwatoa jasho wataalamu wenye ndege, ndoo yako na pikapu ya kukodi zitafanya nini? Kuvu hiyo husafiri pamoja na maji na chura mbichi, kwa hiyo unaweza kubeba ugonjwa ukidhani umebeba rafiki. Nyumba ya chura ni yale maji na majani yanayoyazunguka.

Basi jibu langu ni hili: waache, lakini usiwaache kimya. Mwambie mpangaji anayekuja na mwenye nyumba kuna nini pale. Waeleze kwamba mtoto wa kereng'ende huishi majini na hula viluwiluwi vya mbu. Wengi hufukia kidimbwi kwa kuogopa mbu, wasijue wanamfukia mlinzi.

Lakini tuseme ukweli wote. Anayeingia akiwa na mtoto anayetambaa, kidimbwi ni hatari ya kifo, na uhai wa mtoto hauwekwi kwenye mizani moja na wa chura. Kikilazimika kufukiwa, kifukiwe kwa utaratibu. Kama inawezekana, kizungushiwe uzio na kusubiri mvua ziishe na viluwiluwi vya chura viote miguu. Maji yapunguzwe kidogo kidogo kwa siku kadhaa, na mawe yawekwe pembeni ili walio ndani wapande watoke. Kazi hiyo haina gharama kubwa, inataka subira tu.

Sheria ya Musa, katika Kumbukumbu la Torati 22, inamzungumzia mtu anayekutana na kiota cha ndege njiani. Mtu huyo hana hati ya umiliki wa kile kiota. Amepita tu. Hata hivyo amewekewa mpaka: mama ndege aachwe aende zake. Kama mpita njia ana wajibu, sembuse aliyechimba shimo akalijaza maji?

Wiki hii, kwenye vikundi vya nyumbani, ulizaneni: mahali unapotoka, iwe nyumba, kazi au kamati, ni nani alikuja kwa sababu yako? Na umemwambia nani habari zake kabla lori halijaondoka?