Picha ya vita ni shahidi, si kadhi

Ndugu msomaji, bomu huua pale lilipoanguka. Picha ya bomu hilo husafiri. Huingia sebuleni kwa mtu aliye umbali wa maelfu ya maili, ikamliza, ikamkasirisha, na pengine ikamfanya aunge mkono vita vingine. Hebu tujiulize: je, machozi yaliyoletwa na picha yanatosha kuwa hoja ya haki?

Tutazame Somalia. Julai 12, 1993, helikopta za Marekani zilishambulia nyumba mjini Mogadishu walimokuwa wamekutana wazee wa ukoo, na watu wengi wakauawa. Oktoba 3 na 4 mwaka huo huo, mapigano mengine yaliua askari 18 wa Marekani na Wasomali wanaokadiriwa kuwa mamia. Hata hivyo, picha iliyozunguka dunia ni ya maiti ya askari mmoja wa Kimarekani ikiburutwa mitaani. Huko Marekani wengi waliona utovu wa shukrani wa watu waliopelekewa chakula. Kwa Wasomali waliozika wazee wao mwezi Julai, kilikuwa ni kisasi. Picha ni moja, lakini kila mmoja aliisoma kwa msiba wake. Na kwetu sisi Waislamu hukumu ya kitendo chenyewe haina utata: Mtume (s.a.w.) alikataza kuidhalilisha maiti, hata ya adui.

Oktoba 7, Rais Clinton alitangaza kwamba majeshi yake yangeondoka Somalia ifikapo Machi 31, 1994. Wiki moja baada ya tarehe hiyo, mauaji ya kimbari yakaanza Rwanda. Hofu ya kurudia yale ya Mogadishu ilikuwa miongoni mwa sababu zilizowafanya wakubwa wa dunia wasite. Aprili 21, Baraza la Usalama likapitisha uamuzi wa kupunguza askari wa Umoja wa Mataifa kutoka takriban 2,500 hadi 270. Katika siku zipatazo 100 waliuawa watu wapatao 800,000, na picha za mauaji yenyewe ni chache mno. Kamera zilifika kwa wingi mwezi Julai, wakati wakimbizi karibu milioni moja walipomiminika Goma na kipindupindu kikawafyeka. Hapo ndipo dunia ilipolia na misaada ikatiririka. Lakini ndani ya kambi zile, pamoja na wasio na hatia, walikuwemo wauaji wenyewe. Huruma ilikuwa ya kweli, ila ilichelewa, na haikujua inamhurumia nani.

Mfano mwingine ni wa mwaka 2000. Septemba 30, kamera ya televisheni ya Ufaransa ilimnasa huko Gaza Muhammad al-Durrah, mtoto wa miaka 12, akiwa amejikunyata nyuma ya baba yake chini ya risasi. Oktoba 12, huko Ramallah, askari wawili wa akiba wa Israel waliuawa na umati, na mtu mmoja akapigwa picha dirishani akionesha mikono yenye damu. Kila upande ulichukua picha yake, ukaikariri, na ukaacha kuitazama ya mwenziwe. Hivi ndivyo picha inavyogeuka kuwa ukuta.

Msomaji anaweza kupinga: bila picha, dhulma ingejulikanaje? Pingamizi hili lina uzito. Mashirika ya haki za binadamu yalilalamikia mateso ya wafungwa nchini Iraq tangu 2003, lakini wachache walisikia. Picha za Abu Ghraib zilipooneshwa Aprili 2004, hakuna aliyeweza kukanusha. Picha, basi, ni shahidi, na kumnyamazisha shahidi ni kumsaidia dhalimu.

Lakini shahidi si kadhi. Kadhi hamhukumu mtu kwa sababu shahidi amelia. Humuuliza: ulisimama wapi? Uliona nini kabla na baada? Nani amekuleta? Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamuru tuichunguze habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Amri hiyo ina uzito zaidi leo, ambapo kompyuta hutengeneza picha ya tukio ambalo halikutokea. Mei 2024, picha kuhusu Rafah iliyotengenezwa kwa akili bandia ilisambazwa zaidi ya mara milioni 40. Mateso ya Rafah yalikuwa ya kweli. Picha haikuwa ya kweli. Anayetetea haki kwa picha ya kubuni humpa mpinzani wake sababu ya kukanusha hata ile iliyo sahihi.

Lipo swali moja zaidi, nalo ni zito kwetu. Tunaowaombea dua misikitini ni wote wanaodhulumiwa, au ni wale tu ambao picha zao zimetufikia? Vita vya Sudan vilivyoanza Aprili 15, 2023 vimewang'oa mamilioni ya watu majumbani mwao, wengi wao Waislamu. Mashariki ya Kongo wanakufa watu wanaozungumza Kiswahili hiki hiki. Ni mara ngapi majina yao yametajwa katika kunuti zetu?

Tukiiona picha ya vita, tusiione aibu kulia. Ila kabla ya kuisambaza tuulize imetoka wapi, na je, tungeridhia maiti hiyo ioneshwe hivyo lau ingekuwa ya mama yetu. Kisha tuulize nani hakupigwa picha siku hiyo, na tumtafutie habari zake.

Wabillahi tawfiiq.