Asiyekujua Hakuthamini

Wanangu na wajukuu zangu,

Mmeniuliza imekuwaje nchi ya Ireland, ambayo sisi wazee tuliijua kupitia mapadre na masista waliokuja kutufundisha kusoma na kusali, ikakubali kwa kura ndoa ya watu wa jinsia moja. Baadhi yenu mnadhani watu wale waliitupa dini. Wengine mnasema walishinikizwa na wakubwa. Tulieni niwaeleze nilivyoelewa, kwa kuwa ndani yake mna funzo litakalowafaa hata katika mambo mengine.

Tarehe 22 Mei 2015, wananchi waliitwa vituoni kuamua kama katiba yao ya 1937 iongezwe kifungu kinachoruhusu watu wawili kufunga ndoa kisheria bila kujali jinsia zao. Waliosema ndiyo walikuwa 1,201,607, na waliosema hapana 734,300. Kati ya majimbo 43, ni jimbo moja tu lililokataa, Roscommon–South Leitrim. Hakuna nchi iliyokuwa imetangulia kuruhusu ndoa hizo kwa kura ya wananchi wote. Na msidhani hao ni watu wepesi wa kugeuka. Hadi 1993 sheria yao ilikuwa bado ikiwahesabu wanaume wapendanao kuwa wahalifu, na talaka ilipita kwa chupuchupu katika kura ya 1995.

Basi nini kiliwageuza? Wahenga walisema, asiyekujua hakuthamini. Kwa miaka mingi jambo hili lilinong'onwa tu, na anayenong'onwa hana sura wala jina. Safari hii watu walijitokeza wenyewe. Leo Varadkar, waziri wa afya wa wakati huo, alieleza redioni Januari mwaka huo kwamba yeye anapenda wanaume wenzake. Mary McAleese, rais wa nchi kuanzia 1997 hadi 2011, Mkatoliki mshika dini aliyesomea hata sheria za Kanisa, alisimama hadharani kama mama wa kijana mmoja kati ya hao waliokuwa wakijadiliwa, akaomba watoto wa namna hiyo wafikiriwe.

Halafu alikuwepo Ursula Halligan, mwandishi wa siasa katika televisheni. Akiwa na umri wa miaka 54 aliandika gazetini kwamba alikuwa ameficha siri ya kupenda wanawake wenzake tangu alipokuwa msichana wa miaka 17. Hebu pigeni hesabu. Watu walimwona kwenye televisheni sebuleni mwao, wakamwamini kwa habari za serikali, kumbe mwenzao amebeba mzigo huo utu uzima wake wote, naye ni mtu wa sala kama wao. Mwenye kusoma habari ile alianza kujiuliza, je, nyumbani mwangu nani anaficha, na ananiogopa kwa lipi nililowahi kusema mezani?

Vijana nao walifanya la busara. Walihimizana kuwapigia simu bibi na babu zao. Hawakuwapigia kuwakaripia, wala kuwaambia kuwa wamepitwa na wakati. Mjukuu alisalimu, akauliza hali, kisha akaeleza kwa nini kura ile inamhusu yeye au rafiki yake. Wengine waliokuwa wakifanya kazi ng'ambo walipanda meli na ndege kurudi kupiga kura, maana wengi wao hawakuruhusiwa kuipiga kwa posta. Katika jimbo la Donegal South West, ndiyo ilishinda kwa kura 33 tu. Nani ajuaye ni simu ngapi za wajukuu zilizokuwa ndani ya kura hizo?

Swali lenyewe pia liliulizwa kwa uwazi. Lilihusu ndoa ya serikali. Hakuna padri wala mchungaji aliyelazimishwa kufungisha asichokiamini. Tangu 2011 wapenzi wa jinsia moja waliweza kusajili uhusiano wao, ila ulinzi maalumu wa katiba ulikuwa wa ndoa peke yake. Maaskofu waliwasihi waumini wakatae, na hiyo ilikuwa haki yao. Lakini waumini wengi walipima, wakaona kwamba mafundisho ya imani ni ya kuongoza nafsi zao, na sheria ya nchi ni ya kuwatunza raia wote. Walikwenda misani, na walisema ndiyo.

Msiwadharau waliokataa. Wengi wao hawakuwa na chuki, walifuata dhamiri. Askofu Mkuu wa Dublin wa wakati huo, Diarmuid Martin, alikuwa upande wa hapana. Matokeo yalipotoka hakuwalaani walioshinda. Alilitaka Kanisa lijitazame upya na lijiulize kama limeachana na vijana wake. Huo ndio ukomavu, mtu kushindwa kisha akauliza badala ya kutukana.

Mkiniuliza mimi, na mnajua ninavyoshika ibada, ningekuwa raia wa kule ningesema ndiyo. Sioni ndoa yangu inapungukiwa nini jirani yangu akipata cheti chake, ila naona wazi anachopungukiwa yeye akinyimwa. Siwalazimishi mfikie nilipofikia. Sheria za kwetu ni nyingine, na najua mjadala ulivyo mkali.

Lakini haya nawausia. Msimhukumu mtu kwa minong'ono; kaeni naye, msikilizeni. Msitumie dini kumpiga mtu ambaye hamjawahi hata kumwuliza jina. Ukimsikia mwenzako anatukanwa kwa jinsi alivyo, usicheke na wenye kucheka, kwa maana huenda nduguyo anakutazama apime kama wewe ni wa kuaminiwa. Na ukiwa na jambo zito moyoni, mtafute mzee mmoja mwenye kifua umweleze. Nasi wazee tujifunze kusikiliza hadi mwisho kabla ya kukemea. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi hawezi kuujua uchungu ambao mwanawe anaogopa kumwambia.